Meza Kwanza, Alisema Fundi

Fundi hakuwahi kuketi mahali bila kuinama kwanza. Umwalike nyumbani, umpeleke hotelini, umkute kwenye harusi, ilikuwa ni yale yale: anashika meza kwa mikono miwili, anaitikisa, anaguna, kisha anaingia chini yake makalio yakiwa juu, mzee mzima mwenye koti na kofia, akitafuta mguu ulio mfupi. Mfukoni alibeba vipande vya ngozi vya kila unene. Alichagua kimoja, akakichomeka chini ya mguu huo, akatoka na vumbi magotini na uso wa mtu aliyeokoa nyumba isiungue. Hapo ndipo alipoagiza chai. Katika hoteli zote za Siongiroi hapakuwa na meza iliyoyumba, na wenye hoteli walidhani seremala wao ni hodari.

Siku moja alifanya hivyo kanisani. Alikuwa mzee wa kanisa, na siku hiyo mchungaji mgeni alituomba tufumbe macho kwa maombi ambayo niliona mapema yatakuwa marefu. Meza ya sadaka ilikuwa inalia kila mchungaji alipoiegemea, kwii, kwii. Mimi nilikaa safu ya pili na nilijua Fundi hataweza kuvumilia. Nikafumba jicho moja tu. Nilimwona akiinuka, akanyata, akapiga magoti, akatoweka chini ya kitambaa cheupe. Maombi yakaisha kabla hajamaliza kazi. Tulipofumbua macho kiti chake kilikuwa kitupu, na "Amina" yake ikatoka chini ya meza, nzito, yenye upako. Mchungaji mgeni aliruka hatua mbili nyuma. Mke wa Fundi alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo na mabega yake yakatikisika mpaka ibada ilipokwisha.

Nilimjua kwa miaka tisa. Alizaliwa wapi, babake alikuwa nani, ni wa ukoo gani, sijui, na sikuuliza. Mimi ni Mkisii. Wazazi wangu walikuja Kericho kuchuma chai na nimekulia huku huku, na najua kwamba ukimuuliza mzee wa huku habari za ukoo, basi siku hiyo hutashona kitu. Nilijua tu kwamba ni fundi wa ngozi, kwamba duka lake lilikuwa karibu na soko la ng'ombe la Siongiroi, na kwamba kati ya duka lake na kibanda changu cha cherehani palikuwa na ukuta wa mbao usiozuia chochote. Yeye alisikia cherehani yangu, mimi nilisikia nyundo yake. Aliniita Mama Moraa, kwa jina la binti yangu. Mimi nilimwita Fundi, kama soko zima lilivyomwita, na kama mke wake pia alivyomwita, hata wakiwa wanagombana.

Hakutengeneza viatu. Ukimletea kiatu alikutazama kama uliyemletea panya. Kazi yake ilikuwa kuchonga: alilowesha ngozi, akaikata mistari kwa kisu chake kifupi, kisha akaigonga kwa vyuma vidogo mpaka majani na maua yakainuka juu yake, ukipitisha kidole unayahisi. Mikanda ya suruali, majalada ya Biblia, kamba za kengele za ng'ombe. Mchoro aliojulikana nao ulikuwa majani mawili na kichipukizi, vile chai inavyochumwa, na nimewahi kuona mtu akinusa mkanda wake.

Na mimi nilitaka jambo moja tu kutoka kwake, na nililitaka kwa miaka saba jinsi mtoto anavyotaka peremende: nilitaka aketi kwenye meza niliyoitandika mimi, aanze kazi, asisogeze kitu hata kimoja.

Ilianza hivi. Nguo za mitumba zilikuwa zimenimaliza. Watu waliniletea suruali kupunguzwa tu, na nilikuwa nimechoka kupunguza suruali za watu. Siku moja nikapita kwake na kumwambia, "Fundi, nifundishe kuchonga."

Hakuinua kichwa. "Uko na meza?"

"Niko na meza ya cherehani."

"Hiyo ni ya cherehani. Mimi nimeuliza meza."

"Si utanionyesha kwanza kushika kisu?"

"Meza kwanza," akasema. "Ukikaa vibaya utapigana na hii ngozi mpaka uzeeke, na yenyewe haizeeki. Tandika. Ukimaliza niite."

Nilifikiri ni mzaha. Nikaazima meza kwa dada yangu, nikaweka juu yake kigae kikubwa kilichobaki nyumba fulani ilipojengwa, nikapanga misumari na nyundo, nikaita kwa sauti kupitia ukutani. Akaja amebeba kikombe cha chai ya maziwa kilichojaa mpaka ukingoni. Alitembea kutoka duka lake hadi kwangu bila kumwaga tone. Akakiweka kile kikombe juu ya kigae, akaweka kipande cha ngozi kando yake, akachukua nyundo ya mti na kugonga mara tatu. Pigo la kwanza chai ilitetemeka. La pili ilimwagika. La tatu kigae kikapasuka vipande viwili na chai yote ikashuka kwenye sketi yangu.

"Pado," akasema.

Alitaka kusema bado. Fundi alikuwa na ule mdomo wa Kikipsigis unaogeuza b kuwa p akiwa na furaha au na hasira, na wangu wa Kikisii una mambo yake, kwa hiyo hatukuwa tunachekana. Sawa, tulichekana kila siku.

Meza yangu ya pili ilikuwa na jiwe la kweli, na ilishindwa kwa sababu niliweka jiwe katikati. "Wewe ukitwanga mahindi katikati ya kitanda, kitanda si kitacheza?" aliniuliza. "Mguu uko wapi? Jiwe likae juu ya mguu. Pigo liingie kwa mguu, liende chini, lipotelee huko." Ya tatu ilikuwa juu mno, mabega yangu yalikuwa masikioni, aliushika mkono wangu na kunionyesha kwamba uso wa jiwe unafaa kuwa usawa wa kiwiko. Ya nne ilikuwa na mwanga kutoka upande wa kulia, na mkono wangu wenyewe ulikuwa unafunika kazi yangu kwa kivuli.

"Hamisha dirisha," akasema.

"Fundi, dirisha halihami."

"Basi hamisha meza. Unanichelewesha kwa nini?"

Ya tano nilisahau kutandaza kipande cha tyubu ya trekta chini ya jiwe, na kelele yake ilifukuza ng'ombe waliokuwa wanapita kwenda sokoni. Tena bakuli la maji lilikuwa karibu na kiwiko, nikalimwaga mwenyewe kabla hajafika. Ya sita ilikuwa kamili. Nasema kamili kwa sababu nilikesha siku mbili nikiilinganisha na yake kwa kamba. Alikuja na kikombe chake, akagonga mara tatu, chai ikatulia kama maziwa yaliyoganda. Kisha akanyoosha kidole kimoja, akakisukuma kisu nilichokilaza kando ya jiwe kuelekea kushoto, upana wa punje ya mahindi.

"Pado kidogo," akasema, akanywa chai yake.

Nilimwambia maneno ambayo mama yangu hakunifundisha. Mke wake alikuja mbio kutoka jikoni kwao, nyuma ya duka, akidhani tumevamiwa.

Usidhani hakunifundisha. Alinifundisha kila kitu, kuanzia meza ya pili, kwa roho safi na uvumilivu ambao sijauona kwa mtu mwingine. "Fanya kazi," aliniambia, "lakini ujue umekaa vibaya." Kwa hiyo nilijifunza nikiwa nimekaa vibaya rasmi. Nilijifunza kulowesha ngozi kwa sponji na kungoja rangi yake irudi, kisha kuigusa kwa shavu. "Ikiwa baridi kama pua ya ndama, gonga. Ikiwa baridi kama pua ya mbwa, ngoja." Nimeshika pua nyingi za ndama na za mbwa kwa ajili ya elimu hiyo, na ni kweli kuna tofauti. Nilijifunza kupitisha kisu kwenye ukanda uliopakwa rangi ya viatu kila baada ya mistari michache, hata kama kinakata vizuri. "Hasa kama kinakata vizuri," alisema. "Kinajisikia."

Vyuma vyake alivitengeneza mwenyewe kwa misumari ya inchi sita, akivikwangua ncha kwa tupa jioni nzima akinung'unika nyimbo za kanisa. Vilikaa kwenye gogo lenye matundu, na kila kimoja kilikuwa na jina. Kile cha kulaza ngozi pembeni mwa mstari kiliitwa Mama Mkwe, kwa sababu anakusukuma polepole na mwishowe unakuta umelala. Kile kipana chenye kelele na alama hafifu kiliitwa Diwani. Cha kuchora mishipa ya jani kiliitwa Daktari. Kulikuwa na kimoja kilichopinda, kisicho na kazi yoyote, kiliitwa Shemeji. Kilikaa tundu la kwanza, mahali pa heshima, na hakikuwahi kuguswa. Nilipouliza kwa nini hakitupi, alichungulia jikoni kuangalia kama mke wake anasikia, akanijibu kwa kunong'ona, "Huwezi kutupa shemeji, Mama Moraa."

Na jiwe lake. Haki, lazima nisimulie jiwe.

Kulikuwa na mzee mfugaji, nyumba yake ng'ambo ya mto, aliyeugua sana akalazwa. Wanawe walikuwa watu wa mipango. Mchonga mawe ya makaburi alikuwa anasafiri kwao kwa mwezi mzima, na wao hawakutaka kuja kukwama, kwa hiyo wakaagiza jiwe mapema: jeupe, limesuguliwa, limeandikwa upande mmoja maneno ya kupumzika kwa amani, jina liongezwe baadaye. Wakamwomba jirani mwenye pikapu alipitie. Jirani akalipitia. Akiwa njiani akapigiwa simu kwamba mzee amepata nafuu, ameruhusiwa, tafadhali ampitie pia. Naye akampitia. Basi mzee akarudi nyumbani ameketi mbele, amefunikwa blanketi, na kaburi lake nyuma.

Walipofika alishuka mwenyewe, akazunguka gari kuona ni nini wamebeba. Wanawe walikuwa wamejipanga mstari. Alisoma maneno yale taratibu, mara mbili, kwa sababu miwani yake ilikuwa imebaki hospitalini. Kisha akasema, "Nani amechoka hapa? Mimi sijachoka." Akaapa kwamba yeye na hilo jiwe hawatalala boma moja.

Fundi alisikia habari hiyo kabla ya saa sita na akafika na wilbaro kabla ya saa saba. Alilipindua maneno yakatazama chini, akalitandika juu ya mguu wa meza yake, na tangu hapo kila mkanda na kila jalada la Biblia lililochongwa Siongiroi lilichongwa mgongoni mwa kaburi la mtu aliye hai. Mzee mwenyewe alikuwa akija kila siku ya soko. Alisimama mlangoni, akaligonga jiwe kwa fimbo yake, na kuliuliza, "Upo? Mimi pia nipo." Kisha aliagiza mkanda mwingine. Alikuwa na mikanda mingi kuliko suruali.

Fundi alikuwa hivyo; kitu kilichokataliwa kilimkimbilia. Karatasi zake za kuchorea zilikuwa picha za eksirei, kwa sababu ukiilaza moja juu ya mchoro unauona mchoro chini yake, na maji hayaiharibu. Aliyoipenda zaidi ilikuwa ya goti la mke wake. Juu ya goti hilo alichora majani mawili na kichipukizi, na mpaka leo mchoro huo kwetu unaitwa Goti. Mteja akija, tulimuuliza, "Unataka Goti ama unataka maua?" Mke wake alilalamika kwamba goti lake limefika kwenye Biblia za wachungaji watano na bado linauma.

Sasa mtu anayelinganisha kisu kwa upana wa punje ya mahindi, utafikiri nyumba yake ni ya kupigiwa mfano. Nyumba yake ilikuwa vurugu. Alikalia mtungi wa maji uliopinduliwa, akala akiwa ameshika sahani mkononi kwa sababu meza ya chakula ilikuwa imejaa majembe, redio mbovu, na mbegu za maboga. Mke wake alipomwambia atandike meza ya nyumbani angalau mara moja kabla hawajafa, alishangaa kweli kweli. "Kula si kazi," akasema.

Alihubiri subira lakini hakuweza kungoja ugali upoe. Alikula ukiwa unatoa moshi, huku machozi yakimtoka, akisifu. Alinunua ngozi za ng'ombe kwa furaha, lakini kila ngozi aliisoma kwanza kama barua kutoka nyumbani. Hii ilikuwa inajikuna kwenye seng'enge. Hii ilizaa mara nyingi, ona tumbo. Hii ilipigwa, na mwenyewe ni mtu mbaya. Siku moja aliletewa ngozi, akaikunjua, akaikunja tena haraka, akairudisha. "Huyu tulikuwa tunasalimiana," akasema, na hakufanya kazi tena siku hiyo.

Lakini kwangu mimi, jambo lake la kujipinga kuliko yote lilikuwa hili. Nilipopata moyo wa kufungua duka langu la mikanda mjini Bomet, alikuja siku ya ufunguzi amevaa suti. Nilikuwa nimeitandika meza ya saba. Wateja walikuwepo, binti yangu Moraa alikuwepo, soda zilikuwepo. Fundi akaomba chai, na kila mtu akasema hapana mzee, kuna soda, naye akasema hapana, chai. Akagonga. Haikumwagika. Akatazama. Akakisogeza kikopo cha gundi nyuma kidogo, akatangaza mbele ya wateja wangu wote, "Pado!" na wao, wasiojua maana yake, wakapiga makofi.

Na bado, mwaka mzima uliofuata, watu walikuwa wakinijia kutoka Siongiroi na kutoka vijijini, wakisema, "Fundi ametutuma. Amesema wewe unamshinda majani." Nilimpigia simu nimuulize kama ni kweli. "Majani, ndiyo," akajibu. "Majani si meza." Akakata.

Kisha presha ikampata. Upande wake wa kulia ulilala. Binti yake, mwalimu aliyeolewa Sigowet, alikuja akamchukua pamoja na mamake wakae kwake, na duka la Siongiroi likafungwa. Nilimtembelea mara mbili hospitalini na mara zote mbili alijifanya amelala. Nilimjua, macho yake yalikuwa yanacheza chini ya kope. Baadaye binti yake akanipigia simu.

"Auntie, mzee ako nyumbani lakini hayuko. Mkono umerudi kidogo, vidole vitatu vinashika, lakini kuinua hawezi. Daktari amesema afanye kazi ya mikono, yeye amekataa. Nilimletea vitu vyake vyote na lile jiwe, amegeukia ukuta."

"Amesema nini?"

"Amesema kila kitu kiko upande mbaya."

Nilikata simu nikaketi. Kisha nikaelewa, nikaanza kucheka peke yangu dukani mpaka mteja akatoka. Mzee hakuwa amekata tamaa! Alikuwa analalamika kuhusu meza! Miaka yote ile kila sheria yake ilikuwa ya mtu anayegonga kwa mkono wa kulia. Dirisha la kushoto, maji upande ule, vyuma upande huu. Sasa mkono wa kugonga ungekuwa wa kushoto, na ule wa kulia uliobaki na vidole vitatu vyenye nguvu ungeshikilia chuma. Hakuna aliyewahi kumtandikia mtu meza ya namna hiyo, na yeye mwenyewe hakuijua.

Basi kwa wiki mbili nikafanya kazi kwa mkono wa kushoto. Niligeuza duka lote. Nilijigonga vidole mpaka nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi. Nilichonga Goti lililoonekana kama kuku amepita, na mteja mmoja mpole aliniambia ni mtindo mzuri wa kisasa. Kila nilipoumia niliandika kwa nini: hapa maji yako mbali, hapa kivuli, hapa kiwiko cha kulia kinaning'inia na kuchoka. Kwa hicho kiwiko nikashona mto mdogo wa kitambaa kigumu, nikaujaza makapi ya wimbi, mkono ulale hapo usibebwe. Hiyo haikuwa kwenye sheria zake zozote. Niliushona nikiogopa.

Nikaenda Sigowet kwa bodaboda, nimekumbatia mto kama mtoto mchanga. Nilikuta barazani meza nzito ya mbao inayotazama shamba la mahindi. Fundi alikuwa kwenye kiti, ametazama ukuta. Amekonda. Kofia ilikuwa ile ile.

"Chamge, Fundi," nikamwamkia kwa Kikipsigis.

"Umekuja kuniona nimekaa vibaya," akasema kwa ukuta. Maneno yalitoka upande mmoja wa mdomo.

"Ndiyo. Wewe ulinitazama miaka saba."

Nikaanza. Nikalisukuma jiwe, nikalipeleka juu ya mguu wa upande mwingine, nikaizungusha meza mwanga utoke kulia. Gogo la vyuma nililihamisha, nikavipanga upya kwa mpangilio wa mkono wa kushoto, na katikati ya kazi hiyo nikasikia kiti kikilia nyuma yangu. Alikuwa amegeuka. Mke wake alisimama mlangoni na ungo wa maharagwe, hapumui.

"Hiyo ni nini?" akauliza akiuonyesha mto kwa kidevu. "Kuna mtu anajifungua hapa?"

"Ni wa mkono wako."

"Kwa meza ya ngozi? Mto?"

"Fundi, njoo ukae ama nenda ulale."

Sijui nilipata wapi mdomo ule. Alitoa macho. Kisha akainuka kwa kushikilia ukuta, akaja hatua baada ya hatua bila kumruhusu mtu amshike, akaketi. Mkono wa kulia ukaanguka kwenye mto na kutulia pale.

"Chai," akasema.

Binti yake akaleta kikombe kimejaa. Nilikiweka juu ya jiwe. Akashika nyundo kwa mkono wa kushoto, akainua juu sana, akalenga ngozi, na kwa nguvu zake zote akakipiga kikombe. Kilipasuka. Chai ilitufikia wote wanne. Tone moja lilikuwa likining'inia kwenye ukingo wa kofia yake, nasi tukalitazama mpaka likaanguka. Mke wake ndiye aliyeanza, sauti nyembamba kama ya filimbi, kisha binti, kisha mimi, kisha Fundi mwenyewe, kicheko cha nusu mdomo, akipiga meza kwa kiganja, akijaribu kusema kitu na kushindwa. Tulicheka mpaka jirani akaja kwenye ua kuuliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumwambia.

Nikapangusa jiwe. Nikamloweshea ngozi, nikampa aiguse kwa shavu. Akangoja. Akachukua Mama Mkwe kwa vidole vyake vitatu, akagonga kwa kushoto, polepole, tok, kisha tok. Jani la kwanza lilienda kombo. La pili pia. Alikuwa anatoa ulimi nje kama mwanafunzi. Mimi niliketi kwenye ngazi na kujizuia kutazama mikono yake, nikasikiliza tu, na kufikia saa sita mapigo yalikuwa yameanza kulingana, yale yale niliyoyasikia kupitia ukuta wa mbao. Sikuwa nawaza tena kama amesogeza kitu. Kusema kweli nilikuwa nimesahau.

Binti yake akatoka na sahani za ugali na mboga. Barazani hapakuwa na meza nyingine. "Baba, niondoe hivi vitu tule, nitarudisha," akasema, na mkono wake ukaelekea kwenye bakuli la maji.

"Usiguse!"

Sote tuliruka. Sauti ilikuwa ya zamani kabisa.

"Hapo hakuna kitu kinatoka," akasema Fundi. "Hata kisu. Hata huo mto. Ukitaka kupangusa vumbi, mpigie Mama Moraa simu kwanza, umuulize."

"Na wewe ukitaka kusogeza kitu?"

Akafikiri. "Na mimi nitampigia."

"Sasa tutakula wapi, Baba?"

"Kula si kazi," akasema mke wake, akatuletea viti.

Basi tukala tumeshika sahani mapajani, sote wanne, tumeizunguka ile meza bila kuigusa. Mimi ugali haukupita vizuri, kwa sababu nilikuwa nacheka na nilikuwa nalia, na nilihitaji mkono mmoja wa kupangusa uso na mwingine wa kushika sahani. Fundi alikula ukiwa wa moto, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni ya ugali au ni ya nini.